Mtaji wa Shilingi Elfu Tatu: Kisa cha Kaya Moja ya Obunga

Jumapili jioni, mkebe wa majani ya chai unaofichwa nyuma ya kitanda ulikuwa na shilingi 3,000. Jumamosi iliyofuata ulibaki na 180. Katikati hapo hakuna mwizi aliyeingia, hakuna aliyelewa, hakuna nyumba iliyoungua wala mtu aliyefariki. Ilikuwa wiki ya kawaida ya masika ya Aprili 2025, na mtoto mmoja akashikwa na malaria. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikifuata siku baada ya siku. Kila ninapoketi kwenye mikutano ya wadi kuhusu hali ya kiuchumi ya mitaa ya mabanda, nasikia hesabu za mwezi: mapato ya mwezi, matumizi ya mwezi. Kaya hii haiishi kwa mwezi. Inaishi kwa siku, na humo ndimo ilimoangukia.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Kisumu. Mikoba yetu ya vifaa na dawa tulikabidhiwa Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchi nzima, na kila mmoja wetu ana kaya mia moja hivi za kuzungukia. Mama mwenye kisa hiki yumo katika mia yangu. Nimemsomea maandishi haya kabla ya kuyatoa, naye akakubali. Jina lake na mstari wa nyumba yake nimeviacha nje.

Obunga iko kaskazini ya eneo la viwanda la Kisumu, na ujirani huo ndio umeulisha mtaa. Mbuta, samaki ambaye wengine humwita sangara, aliletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, akazaana, akameza samaki wengi wa asili, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilikuwa vimeota Kisumu. Kiwandani samaki huchunwa nyama pande zote mbili, minofu inafungwa kwenye barafu na kusafirishwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mbavu zenye nyama kidogo iliyokataa kisu. Hicho ndicho wanawake wa Obunga wanachonunua, wakakitia chumvi, wakakikaanga kwenye karai mpaka mifupa midogo ikawa ya kutafunika, na kukiuza jioni kwa watu wanaotoka kazini. Tunakiita mgongo wazi. Mgongo wazi na ugali ni chakula cha heshima kabisa katika nyumba nyingi hapa, na familia ambayo haiwezi kununua mbuta mzima hupata ladha ya ziwa lake kwa shilingi 30 au 50.

Lakini samaki wamepungua, viwanda kadhaa vimefunga, na mifupa hiyo hiyo sasa inatakiwa pia na wanaosaga chakula cha mifugo. Zamani, wazee wa biashara hii wanasema, ulifika getini na beseni ukajaziwa kwa bei ya kutupa. Siku hizi mali inauzwa kwa kreti, wanunuzi wakubwa hufika kabla ya alfajiri, na mwenye pesa ya nusu kreti hangojewi na mtu. Kumbuka jambo hilo la kreti. Litarudi.

Sasa kaya yenyewe. Ni watu watano katika chumba kimoja cha udongo kilichopigwa plasta ya saruji, paa la mabati. Mama ametoka Vihiga, mumewe ni wa Siaya, na kwa kuwa walikutana kwa Kiswahili, nyumba yao yote inaongea Kiswahili. Watoto ni watatu: msichana wa miaka 12 aliye Gredi ya sita, mvulana wa miaka 8, na kitinda mimba wa miaka 2. Baba ni mtu wa mjengo. Akipata kazi analipwa 600 kwa siku, na asipopata anarudi saa nne asubuhi akiwa na koleo lake begani. Nimemwona akirudi hivyo mara nyingi, na sijawahi kumwona akipitia penye pombe. Nalisema hili kwa sababu mtaa wetu umesifika kwa chang'aa, na mtu wa nje akisikia kaya imeanguka Obunga, swali lake la kwanza huwa ni baba anakunywa kiasi gani.

Miezi miwili kabla ya wiki ninayoisimulia, nilimwomba mama aweke daftari kwa wiki nne. Mikono yake huwa na mafuta saa zote, kwa hiyo aliyeandika ni binti wa Gredi ya sita, kwa kalamu nyekundu, mwandiko mzuri kuliko wangu. Daftari lilionyesha hivi. Kreti ya migongo 1,800, mafuta ya kukaangia 600, kuni 250, mkokoteni, chumvi na karatasi 100. Jumla 2,750. Siku nzuri mauzo yalifika 3,200, faida 450. Siku nyingine zilikuwa chini ya hapo, na wastani wa siku 24 za kazi ukawa 340, yaani 8,160 kwa wiki nne. Baba katika wiki hizo alipata kazi siku 11, akaleta 6,600. Pamoja ni 14,760.

Upande wa kutoka: kodi 2,000. Chakula karibu 270 kwa siku. Maji mitungi sita ya lita 20 kwa 5 kila mmoja, ila bomba likikauka mtungi wa mkokoteni unakuwa 20. Fanya hesabu ya hapo kidogo, maana watu hawaifanyi. Mitungi 50 ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo mama huyu akinunua kwenye kioski analipa 250 kwa mita, na bomba likikauka analipa 1,000, bei ambayo mwenye mfereji ndani ya nyumba huko Milimani hajawahi kuiona kwenye bili yake. Kuna choo cha kulipia, maana cha ploti hujaa kila mvua ikinyesha. Kuna stima anayokatwa na mwenye ploti, makaa kidogo, sabuni, nauli, na pesa za chakula na mitihani shuleni. Ukijumlisha yote unapata 13,200. Halafu chama cha akiba cha wanawake, 50 kila siku ya kazi, 1,200.

Yaani wiki nne zilipoisha, kwenye karatasi, kaya ilibaki na 360 mkononi baada ya kula, kulipa, kusomesha na kuweka akiba.

Kuna kipimo rasmi. Utafiti wa taifa wa matumizi ya kaya wa 2015/16 uliweka mstari wa umaskini wa mjini kwenye 5,995 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa kipimo hicho mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14 huhesabiwa 0.65, hivyo kaya hii ni sawa na watu wazima 3.54 na ilihitaji 21,222 kwa bei za wakati ule. Iko chini ya mstari, tena mbali. Sipingi hesabu hiyo. Ila haiwezi kunieleza kwa nini kaya ilisimama Machi na kuanguka Aprili, ilhali mapato yake hayakuwa yamebadilika. Ili kulielewa hilo inabidi kufungua mkebe kila usiku.

Jumatatu mama alitoa 2,750, akanunua, akakaanga. Saa kumi na moja jioni mvua ikashuka na haikukatika mpaka usiku. Mgongo wazi huuzwa barabarani, na barabara ilikuwa tupu. Aliuza 1,900. Chakula, maji na choo kwa kawaida huchukua 320; siku hiyo alibana, vikachukua 270. Mkebe: 1,880.

Jumanne alinunua mali kidogo ya 1,650, akauza 1,850, na masalio ya Jumatatu akayaachia kwa 350 tu, kwa sababu migongo iliyolala haina mnunuzi. Toa 320 za nyumba. Mkebe: 2,110. Angepata siku mbili tatu kavu angerudi mahali pake. Hilo nalisisitiza, kwa kuwa mvua pekee haikumwangusha. Amenyeshewa miaka.

Jumatano alfajiri kitinda mimba akawa moto. Alimtuma binti kuniita. Kanda ya ziwa ni kanda ya malaria, na mkoba wangu ulikusudiwa kwa asubuhi kama hiyo: kipimo cha haraka cha tone la damu na dawa ya siku tatu, mlangoni kwa mgonjwa, bila malipo. Nilipima, ikawa malaria. Dawa sikuwa nayo. Ilikuwa wiki ya pili bila dawa mkobani, nami nilikuwa nimeripoti mara mbili na kuambiwa nisubiri. Nilimwandikia rufaa. Kituoni hakutozwa kumwona mhudumu, kama inavyotakiwa, lakini dirisha la dawa nalo lilikuwa tupu, akaelekezwa duka la nje. Dawa 450, bodaboda kwenda na kurudi 200. Nyumbani 320. Mkebe: 1,140.

Namweka mtoto yule moyoni mpaka leo. Ningekuwa na paketi moja ya dawa, sehemu kubwa ya yanayofuata isingetokea.

Alhamisi mama alibaki na mtoto. Hakuna mauzo, na tumbo halijui kwamba hakuna mauzo. Mkebe: 820.

Ijumaa mtoto alikuwa na nafuu, akiangaliwa na bibi wa jirani, na mama akarudi kazini na 750. Hapa ndipo kreti inarudi. Getini hakuna anayekuuzia robo kreti. Ilimbidi anunue kwa mwanamke anayegawa rejareja, kwa bei ya juu, na kwa mali ile chache mafuta na kuni zilimla karibu sawa na zinavyomla kwa kreti nzima. Aliuza 830. Faida ya siku, shilingi 80. Nyumba ikala 320. Mkebe: 580.

Jumamosi baba alilipwa siku moja aliyofanya kazi, 600. Zikawa 1,180. Siku hiyo hiyo mwenye ploti alipita, kodi ikiwa imefika. Wapangaji wawili wa mstari ule walikuwa wamefungiwa mlango kwa kufuli mwezi uliopita, vyombo vikiwa ndani. Mama alimpa 1,000 na ahadi ya nyingine. Chakula cha jioni alichukua dukani kwa deni. Mkebe: 180.

Nimeipitia orodha hii na watu kadhaa, na wengi hutafuta kosa. Je, angepunguza chakula? Alikuwa akitumia 270 kwa watu watano. Asingelipa kodi? Kufuli lingefunga karai lake pia, na bila karai hakuna kazi. Angeanza kuuza Alhamisi? Mtoto wa miaka miwili mwenye malaria haachwi, na ningekuwa wa kwanza kumgombeza. Kila uamuzi aliouchukua wiki ile ulikuwa uamuzi ambao mimi, nikiwa na akili timamu, ningeuchukua. Gharama ya kweli isiyotarajiwa katika wiki nzima ni 650 za ugonjwa. Iliyobaki ilikuwa maisha yaliyokuwa kwenye bajeti tangu mwanzo, ila yalifika kabla ya pesa zake.

Na hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu kaya za namna hii. Pesa yao huja kwa siku. Kodi huja kwa mwezi, shule kwa muhula, na bima kwa mwaka. Mkebe wa mtaji ndio peke yake unaounganisha kalenda hizo zote, na ndio pia unaotafuta chakula. Kaya ya mshahara ikiguswa na ugonjwa, inagusa akiba na mshahara unakuja vilevile mwisho wa mwezi. Kaya ya mkebe ikiguswa, kinacholiwa ni chombo cha kazi. Seremala akiuza randa yake kununua dawa, kila mtu anaona balaa. Muuza samaki akitumia pesa za mkebe, watu wanasema tu kwamba hajui kuweka akiba.

Sasa Jumapili, mkebe una 180. Tukae hapa kidogo, maana wiki zilizofuata zilimgharimu kuliko ugonjwa wenyewe.

Mikopo ya simu? Mfuko wa Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali ulioanzishwa Novemba 2022, una riba ndogo, asilimia 8 kwa mwaka, na unaanzia 500. Alikuwa ameutumia. Lakini mkopo huo wa kibinafsi hulipwa ndani ya siku 14, sehemu yake asilimia 5 huwekwa akiba kabla hujaipata, na kiwango chake kilikuwa bado kidogo mno kununua kreti. Mara ya mwisho alichelewa siku chache, na kiwango hakikupanda. Mkopeshaji wa mtaani alikuwepo, na bado yupo, lakini mama aliwahi kumwona dada yake akinyang'anywa jiko na godoro, akaapa kutomkaribia.

Bima? Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Mchango wa chini kabisa ni 300 kwa mwezi, kiasi ambacho mama huyu haoni shida nacho. Shida ni kwamba asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja, nazo ni 3,600, zaidi ya mtaji wake wote. Imekuja baadaye njia ya kukopeshwa mchango huo na kuulipa polepole, nami huwaeleza watu kuhusu njia hiyo, lakini aliponiuliza, "Daktari, yaani nikope ili niweze kuugua?" sikumlaumu kwa kusita. Na hata angekuwa amelipa, alfajiri ile ya Jumatano bima isingeweka dawa kwenye dirisha tupu.

Chama? Kina wanawake 20, kila mmoja 50 kwa siku, siku sita, na kila Jumamosi mmoja anapokea 6,000. Zamu yake ilikuwa bado wiki saba. Kanuni zilikataza kuruka foleni, kanuni walizoziandika wenyewe baada ya mwanachama mmoja kupokea mapema na kuhama.

Kilichobaki ni mali kauli. Mwanamke mmoja anayenunua getini kwa wingi humpa muuzaji anayemwamini migongo asubuhi, akalipwa jioni baada ya mauzo. Kreti ya 1,800 inakuwa 2,100. Nusu yake, badala ya 900, ni 1,050. Wiki ya kwanza mama aliweza nusu tu, kwa sababu mafuta na kuni bado zilitaka pesa taslimu, nazo alizipata kwa jirani wa chama aliyemwazima 400 bila riba. Nusu kreti siku nzuri iliuzwa 1,600. Toa 1,050, toa 500 za mafuta, kuni na mkokoteni. Shilingi 50. Kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tatu usiku mbele ya karai la moto, kwa shilingi hamsini.

Wiki ya pili alirudi kwenye kreti nzima, ya mali kauli. Siku nzuri iliyokuwa 450 ikawa 150. Siku ya wastani, ile ya 340, ikawa 40. Alibaki humo siku 23 za kazi: siku 6 akilipa 150 zaidi, siku 17 akilipa 300 zaidi. Jumla ya alicholipia uaminifu huo ni 6,000. Kwa kukosa 3,000 za kwake alitoa 6,000, na mwishoni bado 3,000 hakuwa nazo.

Simlaani yule mwenye mali. Naye hupoteza watu wanapotoroka na jasho lake, na bila yeye mama angekaa mikono mitupu. Lakini nimeanza kuzihesabu nyumba za mia yangu zilizo kwenye mali kauli, na naziona kama ninavyoona homa. Nje mtu anafanya kazi kila siku, moshi unafuka, wateja wapo. Ndani pale hakuna kinachobaki.

Nyumba iliishije? Kwa kazi za baba na kwa deni la duka, ambalo lilipanda hadi 2,300. Chakula kikawa mara moja kwa siku, na uji asubuhi kwa wawili wadogo. Binti alikosa shule siku saba, ili amshike mtoto mama akifuata mali alfajiri. Alizihesabu mwenyewe, akaziandika katika daftari lile lile kwa kalamu nyekundu. Na mimi, nilipompima kitinda mimba mzunguko wa mkono kwa kanda yetu ya kupimia lishe, sentimita 13.1 alizokuwa nazo Machi zilikuwa zimeshuka hadi 12.3. Kwenye kanda hiyo kijani kinaishia 12.5. Alikuwa ameingia njano, rangi ya onyo la utapiamlo. Ukitaka kujua mtaji wa biashara una uhusiano gani na afya ya mtoto, ni hizo milimita nane.

Nimeshuhudia mafunzo mengi ya ujasiriamali katika kumbi za mtaa huu. Wanawake hufundishwa kutenganisha pesa za biashara na za nyumba. Ni fundisho jema, na mama huyu alilijua kabla sijazaliwa kazini: mkebe wake ulikusudiwa biashara tu, na pesa za nyumba alizifunga kwenye pindo la leso. Alipouliza katika mafunzo mojawapo afanye nini mtoto akiugua wakati pindo ni tupu, aliambiwa aweke akiba zaidi. Kutoka wapi, daftari linaonyesha wazi: kutoka zile 360.

Njia ya kutoka ilianzia kwenye chama. Jioni moja kabla ya mkutano wao niliomba nafasi ya kusema, nikaleta daftari, kwa ruhusa yake, na kuwasomea hesabu ya mali kauli. Ukumbi ulinyamaza. Kisha mwanamke aliyekuwa na zamu Jumamosi iliyofuata, muuza sukuma wa Kondele, akasema, "Nipeni ya kwake, achukue yangu. Mboga yangu haina kreti." Kulikuwa na ubishi mkali. Mweka hazina alikumbusha yule aliyehama. Mwishowe walipiga kura kwa kunyoosha mikono, na mabadilishano yakakubaliwa mara hii moja.

Zile 6,000 zilikwenda hivi: 300 zikakatwa kwa siku sita alizokosa kuchanga, 2,300 kwa duka, 400 kwa jirani, 3,000 mkebeni. Hakubakia na ndururu. Baba naye alipata kazi ya wiki mbili mfululizo Mamboleo, ikalipa kodi iliyobaki na kidogo ya mbele. Jumatatu mama alikuwa getini na pesa taslimu.

Mambo mawili yamebadilika tangu hapo, na yote mawili yanahusu kalenda. Kwanza, mwenye ploti amekubali kupokea 500 kila Jumamosi badala ya 2,000 kwa mpigo. Alikataa mwanzoni akihofia usumbufu. Alikubali alipoonyeshwa kwamba katika mstari wake wapangaji wanne huchelewa kila mwezi, na kufuli halijawahi kumletea kodi mapema. Ningependa kuona jambo hili dogo likijaribiwa katika mitaa mingine, Nyalenda, Manyatta, Bandani, kwa sababu haligharimu serikali chochote.

Pili, chama kimeongeza 10 kwa kila 50, na pesa hizo hukaa kando. Wanawake 20 kwa siku sita, ni 1,200 kila wiki. Mwanachama aliyekumbwa na dharura hukopeshwa hadi 2,000 bila riba, akirudisha 100 kwa siku ya kazi kwa siku 20. Ulipaji wa kila siku ndio waliousisitiza wao wenyewe. Mimi nilikuwa nimependekeza mwisho wa mwezi, wakanicheka kwa upole, wakanirekebisha.

Dawa mkobani zilikuja, zikaisha, zikaja tena. Kwa hilo sina la kuripoti zaidi ya kuendelea kuandika barua.

Nilipita kwake wiki jana. Kanda ya mtoto ilisoma 12.8, kijani. Binti alikuwa ameketi mlangoni akijaza daftari. Mkebe sikuufungua, si desturi, lakini mama aliniambia kreti ya asubuhi ilikuwa ya pesa zake. Mfuko wa dharura umekopwa mara tatu: mara mbili kwa ugonjwa, na mara ya tatu na mwanachama aliyefiwa na mkwewe Ugenya, akahitaji nauli na mchango wa matanga. Hiyo ya tatu imezua mgogoro. Wengine wanasema matanga hayaishi, yatamaliza mfuko kabla mvua za vuli hazijafika. Wengine wanauliza ni dharura gani iliyo kubwa kuliko kumzika mtu. Jumamosi hii wanakaa kuliamua, na wameniomba nifike na daftari.